Ngozi au Chuma kwa Mkono wa Sajini

6 Februari

Mjomba, shikamoo.

Huku hatujambo, isipokuwa paka, ambaye amejifungulia ndani ya kikapu cha vitambaa, juu kabisa ya satini ya mteja. Nilitaka kumhamisha, Mama akanizuia. Alisema satini ni ya mteja lakini paka ni wa nyumbani, kwa hiyo mteja asubiri. Mteja amesubiri. Kuna watu wana bahati ya kuwa na sauti kama ya Mama.

Sare za shule zimeanza kumiminika. Safari hii ninayekaa kwenye cherehani ni mimi. Mama anakaa kwenye kiti kando ya dirisha na kunikosoa. Jana aliniambia mshono wangu unatembea kama mtu anayetoka kilabuni. Kazini nimeomba likizo. Ni likizo tu, usianze kuuliza.

Jambo lililonifanya nishike kalamu ni saa ya marehemu baba, ile yenye mkanda wa chuma. Mama ameivaa tangu tulipomzika baba, na ilikuwa ikimkaa barabara, kwa sababu mkono wake, kama ulivyozoea kusema mwenyewe, ni mkono wa sajini. Sasa imelegea. Juzi alikuwa ananawa, sabuni ikiwa mkononi, saa ikamteleza ikatumbukia kwenye beseni. Bado inatembea, ila Mama aliitazama mle ndani ya maji kama mtu aliyetukanwa.

Fundi wa mtaani anasema tuondoe chuma tuweke mkanda wa ngozi, mwepesi na unakazwa tundu kwa tundu. Mama hataki kusikia. Anasema saa ya fundi bomba haivai ngozi. Mimi nimesema ngozi. Tumegombana nusu siku nzima, na kwa kuwa katika ukoo huu fundi wa saa ni wewe, tumekubaliana useme wewe. Ngozi au chuma?

Mama anakusalimu. Anasema ule vizuri.

Mpwa wako

*

21 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba, na marahaba nyingine kwa niaba ya watoto wa paka.

Mimi nipo. Duka langu bado liko palepale chini ya ngazi, kati ya muuza viatu na muuza miwani. Muuza viatu hanisumbui. Muuza miwani ni balaa. Kila asubuhi ananivika miwani mpya kama mtoto anayechezea mdoli, halafu ananiuliza nasoma nini kwenye ubao wake. Namwambia nasoma kwamba biashara yako ni mbovu ndiyo maana unawinda majirani. Ananinyang'anya, anarudi kesho yake na nyingine.

Najua utasema ningepiga simu tu. Mpwa wangu, simu ndiyo iliyowafundisha watu kuutoa wakati mfukoni badala ya mkononi. Usinitake niiweke sikioni na kuichekea.

Sasa swali lenu. Watu wengi hudhani ni suala la urembo. Wanasimama mbele ya kioo changu cha duka, wanageuza mkono hivi, wanageuza vile, wananiuliza ipi inapendeza. Huwa nawauliza: unafanya kazi gani? Wanaudhika, lakini hilo ndilo swali. Chuma hakiogopi maji. Shemeji yangu, Mungu amrehemu, angevaa ngozi na kazi ile ya kuzamisha mikono kwenye mabomba, mwezi usingeisha kabla hajanuka kama kiatu cha mvua. Alikuwa sahihi kuvaa chuma. Ila chuma kina roho mbaya. Kinang'oa vinyweleo, kinakwaruza meza, na kwa mshonaji ni adui wa wazi, kila pingili ni mdomo mdogo unaosubiri kunasa uzi. Ndiyo maana Sajini akishika hariri huivua saa na kuitundika kwenye kile kijiti cha uzi juu ya cherehani. Umeiona ikining'inia pale tangu ukiwa mdogo.

Ngozi ni mpole. Inakunywa jasho, inavimba, inapasuka, inakufa mapema. Lakini ngozi inakumbuka. Niletee mkanda wa mtu nisiyemjua, nitakwambia alizoea tundu lipi na lini alinenepa, kwa sababu kila tundu lililovaliwa hutanuka na kila palipokunjwa hubaki na mkunjo. Chuma hakikumbuki kitu. Toa pingili, kinaungana tena kana kwamba haikuwahi kuwepo. Kuna wateja wanakipenda kwa sababu hiyohiyo.

Nimesema yangu, sasa niulize yangu. Chuma hakinenepi. Kama saa ilikuwa inakaa na leo haikai, kilichopungua ni nini? Najua kwenu majibu mafupi hayapatikani, kwa hiyo nitumie kipimo. Chukua uzi, mzungushie Sajini mkononi, juu kidogo ya ule mfupa wa pembeni, usikaze, kata, tia kwenye bahasha. Na kama yule fundi wenu ameshatoa pingili yoyote, nitumie nayo. Asije akaiuza.

Huenda nikaja mwezi wa nne, kazi zikipungua. Mwambie Sajini aache nafasi kwenye kikapu, pembeni ya paka.

Mjomba

*

15 Machi

Mjomba, shikamoo.

Nisamehe kwa kuchelewa. Barua yako ilifika mapema, aliyechelewa ni mimi. Sare, halafu mvua, halafu hili na lile. Watoto wa paka wamefumbua macho na mmoja amekojolea sare za darasa zima.

Mama alisoma barua yako mwenyewe, mara mbili. Alicheka aliposoma ya muuza miwani. Baadaye akaigeuza karatasi kwenye mwanga akasema, "Mwandiko wa kaka yangu umenenepa." Ni kweli, mjomba. Zamani ulikuwa unabana maneno kama abiria. Siku hizi mistari mitano inajaza ukurasa, na inapanda juu kuelekea kona. Mama anasema utakuwa umekuwa tajiri, karatasi hazikuumi tena.

Kipimo hiki hapa, uzi mweupe. Na pingili mbili ambazo fundi ametoa. Bado saa inacheza kidogo, lakini si ya kuanguka. Mama amepungua, si sana. Ni joto, na hamu ya chakula imemwisha kidogo. Amesisitiza tuendelee na chuma. Anasema pingili zitunzwe vizuri kwako, akinenepa utazirudisha.

Kuhusu kuja kwako, amesema nikuandikie hivi, nami naandika kama alivyotamka: "Mwambie kaka asijisumbue. Njia ni ndefu na mimi sina jambo lolote." Nilimwambia mtu anaweza kumtembelea dada yake bila kuwepo jambo. Akasema, "Si yule. Yule hatoki chini ya ngazi zake bila jambo."

Basi ndiyo hivyo. Usije kwanza.

Mpwa wako

*

2 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Pole kwa sare.

Nimeupokea uzi wako mweupe, nimeunyoosha mezani, nimeupitisha vidoleni mara kadhaa. Ni uzi mzuri. Ni kipimo cha mkono wa mtu kijana mwenye afya, anayelala vizuri na kula vizuri, na anayeshinda anageuza gurudumu la cherehani. Tatizo ni kwamba mtu huyo si dada yangu.

Usishtuke, sijakasirika. Niliuviringisha kwenye ule mkono wa mti ninaopimia mikanda, nikakadiria. Mkono wa uzi huu, kwenye mkanda wa shemeji, ungehitaji kutoa pingili moja. Moja tu. Wewe umenitumia mbili, na bado unasema inacheza. Uzi unasema hivi, chuma kinasema vile, na chuma hakina sababu ya kunificha.

Umejipima mwenyewe. Nakuona ulivyofanya: umesimama jikoni, umejizungushia uzi, umekata kwa meno kama mama yako, umeutia kwenye bahasha haraka kabla hujabadili mawazo. Ningekuwa na umri wako na ningekuwa na mjomba kama mimi, huenda ningefanya hivyohivyo.

Pingili mbili nimezitia kwenye kisahani, karibu na taa. Zikigusana zinalia. Mteja akiingia nazifunika kwa kiganja, sijui kwa nini.

Niandikie sasa. Usiniandikie habari za joto. Huko kwenu joto limekuwepo tangu tumezaliwa, na Sajini alikuwa anakula sahani yake, anamalizia na yangu.

Mjomba

*

20 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Nakuandikia jikoni. Akiniuliza nitasema naagiza vifungo.

Ni tumbo. Lilianza mwaka jana, akawa anajificha, anakwenda kutapika huku amefungulia bomba ili nisisikie. Tulipofika hospitali tulikuwa tumeshachelewa. Daktari alikuwa mtu mzuri, alivuta kiti akakaa kabla ya kusema. Alisema dawa za maumivu zipo, na nyumbani ni pazuri kuliko wodini. Mama alimsikiliza, akamwambia shati lake limefungwa vibaya vifungo, na kweli lilikuwa limefungwa vibaya. Halafu tukarudi. Neno lenyewe hatujalitaja humu ndani mpaka leo. Hiyo ndiyo likizo yangu.

Sikukuambia kwa sababu alinikataza. Ngoja nikuandikie tulivyosemezana, ili usidhani ni mimi.

Nilimwambia, "Mama, nimwite mjomba?"

"Umwite aje afanye nini?"

"Akuone."

"Ameniona tangu nazaliwa. Hakushangaa siku hiyo, atashangaa leo?"

"Mama."

"Nisikilize. Siku yule akitokea pale mlangoni na sanduku lake, nitajua mmeshakaa kikao mkanikatia shauri. Bado nataka kuamka asubuhi bila kujua. Usinichukulie hilo."

Akageukia dirishani.

Mimi nataka uje. Naandika wazi, mara moja, kwa sababu sitathubutu tena. Nataka uje na yeye hataki uje, na mimi nalala katikati. Nikikuita nimemvunjia neno. Nisipokuita, utakuja kumkuta hayupo, na wewe hutanilaumu, na kutolaumiwa na wewe ndiko kutakakoniua.

Ninakutumia uzi mwingine, mwekundu. Huu ni wake. Nilimpima mchana akiwa amesinzia kitini. Ninaomba uushike ukiwa umekaa. Na pingili nyingine mbili, sasa zimefika nne. Fundi wa mtaani amekataa kutoa zaidi, anasema ikipunguzwa tena kile kifungo hakitalala vizuri chini ya mkono, kitamchoma.

Mpwa wako

*

29 Aprili

*(Karatasi kubwa)*

Kwa Mheshimiwa Sajini, mwenye saa.

Salamu nyingi. Baada ya kupokea malalamiko kuhusu saa yako, na baada ya kuchunguza pingili nne zilizoletwa dukani kwangu, nasikitika kukujulisha kwamba fundi wa mtaani kwenu ameiharibia mizani. Saa ya kiume haivuliwi pingili ovyo kama mtu anayemenya vitunguu. Ikiachwa hivyo, italala upande, kifungo kitachoma, na sifa ya ukoo wetu itaharibika mbele ya mafundi.

Kazi hii haiwezi kufanywa kwa posta. Mkanda wa ngozi nimeshaukata na kuushona, umetulia, wa rangi ya kahawa. Lakini matundu hayatobolewi kwa uzi, yanatobolewa mkononi. Kwa hiyo fundi analazimika kuja mwenyewe. Nasema fundi. Sikusema kaka. Kaka yako yuko dukani, ana kazi nyingi, anakusalimu.

Fundi atakuja na mfuko wa vifaa. Sanduku hana. Asikaribishwe kama mgeni, asipikiwe chochote cha pekee, na asiulizwe habari za njiani. Akimaliza kazi ataondoka. Kama mwenye saa ana pingamizi, aandike.

Fundi

*(Karatasi ndogo, imekunjwa ndani)*

Mpwa wangu,

Msomee hiyo kubwa kwa sauti ya kiofisi. Akicheka, ninakuja. Akinyamaza, pia ninakuja, ila utaniandalia kisingizio kingine.

Uzi mwekundu niliushika nikiwa nimekaa, kama ulivyosema. Muuza miwani alinifungia duka siku hiyo.

Njoo unipokee kituoni. Nitavaa kofia ya kijivu. Usinipungie mkono kutoka mbali kama watu wa sinema. Njoo karibu kabisa, uniite.

Mjomba

*

3 Julai

Mjomba, shikamoo.

Nimekaa muda mrefu bila kuandika, na wewe pia. Kwanza hatukuwa na haja ya barua, ulikuwa humuhumu chumbani. Baadaye nikawa napiga simu kwa muuza miwani naye anakwenda kukuita, mpaka siku ile nilipokuambia kwa maneno mawili. Kisha ukasema, "Nimekusikia, mwanangu." Tangu siku hiyo sijui pa kuanzia.

Tulimzika vizuri. Yule mteja wa satini alikuja, alilia kuliko watu wote. Usijisumbue kuniandikia kwa nini hukuja mazikoni. Najua kwa nini, na nilijua tangu siku ile kituoni, nilipokupungia mkono kwa kusahau, ukapita mbele yangu kofia kichwani, ukisikiliza.

Sikukuuliza. Lakini siku ya kufunga mkanda nilikuwa nyuma ya pazia, nakunja sare, na nilisikia yote. Nataka ujue nilisikia, ili usiyabebe peke yako.

Alikuambia, "Chuma cha mume wangu unakipeleka wapi?"

Ukasema, "Kinapumzika."

"Kinapumzika na hakijafanya kazi yoyote. Mimi ndiye niliyekibeba."

"Lete mkono, Sajini. Maneno utamwambia kaka yako."

Kisha nikasikia pini yako ndogo ya mkanda ikianguka sakafuni, na wewe ukipapasa chini ya kiti. Ulipapasa sana. Pini ilikuwa mbele ya kiatu chako, nilikuwa naiona kupitia upenyo wa pazia. Mama naye alikuwa anaiona. Alikuacha kidogo, halafu akasema polepole, bila kejeli:

"Kaka. Tangu lini unatazama kwa vidole?"

Ukasema, "Na wewe tangu lini unashiba kwa kijiko kimoja?"

Nilishika sare ile nikasahau kuikunja.

Mama akasema, "Basi tuyaache."

Ukasema, "Tuyaache."

"Iko mbele ya kiatu cha kulia."

Ukaiokota. Ukatoboa. Nilisikia kila tundu, na kila tundu ulikuwa unauliza, "Hapa?" naye anasema, "Hapa, na ongeza la akiba." Mkaanza kucheka kuhusu mambo ya utotoni ambayo sikuyaelewa, habari za mbuzi na kofia ya babu. Sijamsikia akicheka hivyo tena.

Ulikaa siku chache ukizijaza kazi za uongo: ukaitengeneza saa ya ukutani ambayo haikuwa mbovu, ukapaka mafuta cherehani, ukakaza bawaba za mlango. Kisha kazi zikaisha. Nilikuomba kituoni ubaki. Uliniambia fundi akimaliza kazi yake akaendelea kukaa, huyo si fundi tena, ni ndugu aliyekuja kuaga, na mama yangu ni mwepesi wa kuhesabu. Nilikuchukia kwa muda kidogo, wakati basi linaondoka. Sasa sikuchukii. Alikaa siku zile zote zilizobaki bila mtu kumwambia anakufa, kama alivyotaka. Nadhani hakujua mpaka mwisho.

Ninakutumia kifurushi. Ndani kuna mkanda wa ngozi aliouvaa mpaka siku ya mwisho. Kuna na ule wa chuma, mfupi kama ulivyoachwa. Saa yenyewe nimebaki nayo. Inatembea, nimeitundika kwa uzi kwenye kile kijiti cha cherehani. Siwezi kuiacha ikining'inia pale, na siwezi kuivaa bila mkanda.

Nirudie swali la mwanzo, mjomba, maana halikujibiwa. Ngozi au chuma?

Mpwa wako

*

24 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Mwandiko huu si wangu, umeona. Ni wa jirani yangu muuza miwani, ninayemtamkia hapa chini ya ngazi, naye anaandika kwa maringo kana kwamba anaandika sheria za nchi. Barua yako pia alinisomea yeye. Alipofika kwenye pini alisimama akaenda kuangalia kama mvua inanyesha. Haikuwa inanyesha. (Ilikuwa inanyesha kidogo. — Muuza miwani.)

Haya, kumbe sina la kuficha tena. Macho yamekwenda, si ghafla, yameondoka kama wateja, mmoja mmoja. Miwani ya huyu bwana haikusaidia hata moja, na ndiyo sababu anaona aibu na kunifanyia ukarani bure. Mikanda bado nafunga. Saa za kufunguliwa tumbo nimeacha.

Sasa kifurushi.

Nilianza na ngozi. Nilikwambia ngozi inakumbuka, nikaona niisikilize kabla sijakujibu. Tundu la kwanza nililotoboa siku ile ni kali bado, hakulikalia. La pili limelegea kidogo. La tatu limetanuka hasa, limekuwa la mviringo mrefu, na nyuma yake kuna mkunjo mkubwa: hapo alikaa. Nadhani ndizo zile siku ulizonipigia kwa simu ya huyu bwana ukaniambia alikula uji akaomba redio. La nne, yaani la akiba, limeguswa tu.

Halafu nikapitisha kidole mbele ya la nne, kwa mazoea, nikijua hakuna kitu.

Pana tundu jingine, mpwa wangu. Dogo sana. Mimi sikulitoboa. Langu huwa linakatwa kwa chuma, lina ukingo safi. Hili limetobolewa kwa sindano, kutoka ndani kuja nje, kisha sindano ikazungushwa polepole ili ngozi isichanike. Nimemwomba huyu bwana alitazame kwa lenzi zake zote, anasema ndivyo. Hukulitoboa wewe; wewe una haraka, ungelichana. Limetobolewa na mtu aliyeshona maisha yake yote, akiwa peke yake, labda wewe ukiwa umekwenda kufikisha sare.

Unasema hakujua mpaka mwisho. Alijipima mwenyewe. Aliona la akiba halitoshi, akachukua sindano akajiongezea, akashusha mkono wa gauni, akakuacha uamini kwamba hajui. Sisi tulikuwa tunamficha yeye, naye alikuwa anatuficha sisi, na wote watatu tulifanya kazi safi.

Kwa hiyo kule kituoni uliponiomba nibaki, nilikuwa naweza kubaki. Nilipogundua hilo niliufungua mlango wa duka, nikaufunga, nikaufungua tena. (Ni kweli. — Muuza miwani.) Lakini asingenitaka nibaki. Angetaka niondoke nikidhani nimemdanganya. Hiyo ndiyo zawadi aliyonifungia, nami nimeifungua kwa kidole, bila adabu.

Mkanda wa ngozi sikurudishii. Usiuombe.

Jibu lako ni chuma. Wewe ni kijana, unanawa, unafua, utanyeshewa, utanenepa Mungu akipenda. Vaa kitu kisichokumbuka. Ukishika hariri, kitundike.

Nimekirudishia pingili mwenyewe, kwa vidole, na imenichukua muda ambao zamani ningekarabatia duka zima la saa. Huyu bwana alitaka kunisaidia nikamfukuza. Mpe fundi wa mtaani akupachikie kwenye saa, pini mbili tu, asiguse kingine. Asikupime. Mwambie kipimo ninacho: ule uzi mweupe ulionidanganyia bado ninao, na mkanda nimeufunga kwa uzi huo. Utakukaa.

Pingili zilikuwa nne. Tatu zimerudi. Kwa mkono wako moja haina nafasi, kama nilivyokwambia mwezi wa nne. Nimeitia mfukoni pamoja na funguo. Nikipanda hizi ngazi jioni naisikia, na muuza miwani amezoea, haniulizi tena ni nini kinacholia.

Mjomba wako